Pea Moja ya Glavu

Mama yangu ni fundi cherehani, na mikono yake haijawahi kujua kutulia. Sisi watoto tulipoondoka mmoja mmoja, nyumba ikawa kimya mno kwake. Akanunua tangi la kioo, akakoroga maji na chumvi ya bahari, akaliweka sebuleni kando ya cherehani. Baba alilalamikia umeme siku mbili, kisha akanyamaza. Kwa mama, baba siku zote alikuwa mtu wa kunyamaza.

Samaki walikuwa wawili tu, tena wavivu. Kilichomtia mama wazimu ni matumbawe laini, madogo ya duara, ya kijani na ya chungwa, yaliyobanana juu ya jiwe. Aliyaita vifungo vyake. Muuzaji alikuwa amemweleza bila kumung'unya maneno: vina sumu kali, usivishike bila glavu na miwani. Vikae kwenye jiwe lao peke yao, maana vinaenea upesi. Na jiwe lao usilisugue nje ya maji, wala usilimwagie maji ya moto hata siku moja, kwa sababu mvuke wake unaweza kumuua mtu.

Mama alivaa glavu ndefu mpaka viwikoni. Alivaa miwani. Alinawa mara mbili. Ila hakumwambia mtu neno. Tulipomuuliza glavu za nini, alisema vifungo ni vyororo, jasho la mkono linaviua. Tukamcheka kwamba wajukuu hajawahi kuwashika kwa uangalifu huo.

"Baba yako angelitupa tangi nje siku ileile," aliniambia baadaye. Labda ni kweli. Bado sijamsamehe mama.

Baba alikuwa dobi. Miaka thelathini aliishi juu ya masufuria ya maji yanayochemka, na dini yake ya pili ilikuwa kwamba hakuna doa linaloshinda maji ya moto. Alilisema hilo harusini, msibani, popote alipopata nafasi.

Mwaka wa tatu mama alibandika vifungo vichache kwenye jiwe kubwa la katikati, kwa urembo tu, kama anavyoongeza lesi kwenye gauni ambalo tayari limependeza. Miezi michache baadaye vilikuwa vimelifunika jiwe zima na kuyasonga matumbawe mengine. Akawa anakaa mbele ya kioo, kazi za wateja zimelala, akisononeka.

"Vimenishinda, mume wangu," alisema siku moja tukinywa chai. Baba akaguna tu, akamalizia kikombe chake.

Jumamosi mama alikwenda kwa dada yake. Aliporudi mchana alikuta dirisha la jikoni limefungwa kwa sababu ya vumbi, na birika kubwa bado liko juu ya jiko, moto umezimwa. Ndani ya beseni lilikuwepo lile jiwe la katikati, jeupe, limesuguliwa kwa brashi yake ya kusugulia kola za mashati. Baba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha mzigo ngazini. Alipomwona mkewe alijitahidi kutabasamu.

"Nimekutolea doa lako," alisema.

Mama alimburura mpaka uani, akapiga kelele kwa majirani, kisha akanipigia simu. Nilifika hospitali wakati daktari anamhoji.

"Alikuwa anafanya nini kabla kifua hakijambana?"

"Anaosha jiwe," mama akajibu.

"Jiwe tu?"

Mama akanitazama mimi badala ya daktari. Nyuma ya pazia nilimsikia baba akihema kwa shida.

"Mama, sema!" nilimfokea, mara ya kwanza maishani mwangu.

Ndipo akasema. Glavu, miwani, kusugua, mvuke, yote aliyatoa kwa mpangilio uleule wa muuzaji, na hakusahau hata moja. Nilikuwa nimedhani hakujua. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nikakaa kwenye benchi nikingoja kuumbuliwa kwetu.

Baba hakufa. Siku ya tano walimvua ile barakoa ya hewa, akawa anaongea kwa vipande, neno moja, pumzi mbili. Mapafu hayatarudi kama zamani, daktari alisema, na mvuke asiukaribie tena. Maana yake udobi ndiyo basi.

Mama alikuwa anamkunjia shuka miguuni.

"Ulijua," baba alisema.

"Nilijua."

"Na zile glavu... zipo pea ngapi nyumbani?"

Mama aliendelea kulinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Moja," akasema.

Baba akageukia ukutani. Alikuwa mtu wa kunyamaza siku zote, lakini kunyamaza kule mama hakuwa amekuzoea.

Kesho yake mama alinunua pea ya pili, saizi ya mikono ya baba. Tangi tulikuwa tumeshaliondoa.