Mlezi wa Wadudu Anayeomba Wafe

Saa moja asubuhi, mwanamke wa makamo anavuta pumzi kwenye mrija wa mpira, na wadudu kadhaa wanaingia kwenye chupa. Kipande cha chachi kinawazuia wasimfike kooni. "Siku moja chachi ilitoka," anasema. "Usiniulize zaidi."

Wenzake katika kituo hiki cha utafiti wa mpunga wanamwita Mama Wadudu. Kwa miaka kumi na mmoja amelea wadudu wa kahawia, wadogo kama ufuta, wanaofyonza utomvu wa mpunga hadi shamba linakauka. Anawalea ili wataalamu watafute namna ya kuwaua. Namuuliza mara ya pili kama nimesikia vizuri, anacheka.

"Hata mume wangu hajaelewa mpaka leo."

Jaribio lenyewe, kwa nilivyolielewa mimi, ni hivi. Kuna mpunga mchungu, wenye sumu yake ya asili kwenye shina. Mdudu naye ana jeni inayomsaidia kuivunja sumu hiyo. Daktari wa wadudu aliizima jeni kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akawaweka wadudu hao kizimba cha nne, kwenye mpunga mchungu; vizimba vingine vilikuwa na mpunga wa kawaida. Wangekufa ndani ya siku tano, ingetafutwa dawa ya kuizima jeni hiyo mashambani.

Siku ya tisa, wadudu wa kizimba cha nne walikuwa wanadunda tu.

"Daktari alikuna kichwa, akahesabu upya," anasimulia. "Akaanza kuandika kwamba jeni ile haina kazi. Miaka mitatu ya watu, jamani!"

Ndipo moyo ulipomlipuka Mama Wadudu. Alikumbuka kwamba siku ya tatu miche ya kizimba kimoja ilinyauka, akaing'oa na kuweka mibichi. Ndiyo kazi yake, mdudu asife njaa, mkono umeshazoea. Lakini trei za mpunga mchungu na za mpunga wa kawaida zilikaa rafu moja, na miche ikiwa michanga huwezi kuitofautisha kwa macho.

"Nilichukua trei ipi? Nikaweka kizimba kipi? Sijui, mwanangu. Kila nikiwaza najichanganya zaidi. Nikisema, kibarua kinaota nyasi. Nikinyamaza, dawa inaachwa, na dada yangu amekaushiwa shamba misimu miwili."

Alisema. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo jeni inafanya kazi, au haifanyi?"

"Unaniuliza mimi, Daktari?"

Alipewa barua ya onyo, kazi akaachiwa. Leo jaribio linaanza upya, na trei za mpunga mchungu amezifunga uzi mwekundu. Anawamimina wadudu kizimbani, anawaangalia wakishika mashina. Machozi yanamlengalenga, kisha anajicheka mwenyewe.

"Hawa nimewalea tangu mayai. Miaka yote naomba wasife. Safari hii naomba wafe. Wafe wote, Mungu anisamehe."