Bibi wa kwenye hadithi ya mjukuu wangu anapendwa na wote, mimi mwenyewe nimekatiwa simu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa huku Marekani na wa nyumbani.

Mimi ni bibi mtu mzima, darasa niliishia la tatu, kwa hiyo makosa ya kuandika mtayavumilia. Ila ninayosema ni ya kweli, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Ni Mrundi. Nimelea watoto kambini Tanzania, kisha tukaletwa Marekani, mji wa Louisville. Sasa nipo Buffalo, West Side, naishi kwa mwanangu wa kiume.

Nianzie Louisville, maana kidonda kilianzia huko.

Binti yangu Goreti alikuwa anafanya kazi warehouse, anasimama masaa kumi kwa siku anapakia maboksi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ikatoka.

Kina mama wa kanisa wakaja kumwona. Wamejaa sebuleni, chai iko mezani. Mimi nikasema mbele yao wote:

"Mimi nimezaa watano kambini, nachota maji na kubeba kuni mpaka siku ya mwisho. Huyu kashindwa na maboksi."

 Goreti aliinuka akaingia chumbani. Baada ya wiki mbili yeye na mumewe wakahamia Columbus, mji mwingine wa mbali. Mwaka wa sita huu. Mtoto aliyemzaa huko namwona kwenye picha tu.

Sasa tuje Buffalo.

Mjukuu wangu wa hapa, Kezia, ana miaka kumi na sita, yuko high school. Mwalimu aliwaambia waandike hadithi ya kutunga, kwa Kiingereza. Yeye akatunga bibi, mwanzo wake akanisomea.

Bibi mwenyewe anavaa kitenge juu ya jaketi la baridi, anakagua dagaa dukani Grant Street kama mtu wa forodha, halafu kila anayekutana naye anamwambia "sorry". Jirani kateleza kwenye barafu, sorry. Dereva wa basi kapiga chafya, sorry. Mtoto wa watu kamwaga soda, sorry.

Mmeelewa kilichotokea? Mimi husema POLE. Hawa watoto wa huku wakiigeuza inakuwa hiyo sorry yao.

Nikambana. "Wewe Kezia, dereva nimemkosea nini mpaka nimwombe radhi?"

"Bibi, it's the same word."

"Si neno moja! Pole ni ya mtu aliyepatwa na jambo. Samahani ni ya mtu niliyemkosea mimi."

"English hakuna hiyo, Bibi."

Lugha gani hiyo, aliyekukanyaga na anayepita njia wanasema neno moja.

Hadithi ikachaguliwa isomwe library ya shule, wazazi tukaalikwa. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akavua miwani ajifute. Mwishoni, mwanangu akininong'oneza tafsiri, yule bibi anapanda basi peke yake mpaka Columbus, anagonga mlango wa binti yake, mlango unafunguliwa, anasema "sorry". Imeisha hapo. Watu wakasimama kupiga makofi.

Kumbe Kezia anajua ya Louisville. Nani kamwambia sijui, sikuuliza.

Mama mmoja Mzungu akanishika mikono yote miwili, anaongea huku machozi yanamtoka. Kezia akatafsiri: "Anasema anampenda sana."

"Anampenda nani?"

"Bibi wa kwenye story."

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza Kezia kwa nini wanampenda vile mwanamke ambaye hayupo. Akasema mwalimu kawafundisha: mtu wa kutunga hapendwi kwa wema wake. Anapendwa kwa kasoro yake, na kwa kitu anachokitaka mpaka kinamtoa nyumbani.

"Kasoro mimi ninazo. Mbona sijapigiwa makofi?"

Akacheka, mtoto asiye na adabu. "Yule anajua ni kasoro, Bibi. Wewe zako unaziita nidhamu."

Siku nyingine ningempa jibu lake. Siku ile niligeukia dirishani.

Baba yake alikuwa amerekodi video, akaituma kwenye group la familia WhatsApp. Jumapili, nimetoka kanisani, natwanga sombe, yaani kisamvu, jikoni, simu ikaita. Goreti.

Nikakaa chini.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

Aliongea Kiswahili. Kirundi chetu cha nyumbani hakukigusa, kama anaongea na mtu wa ofisini.

"Nimeona ya Kezia. Yule bibi pale mlangoni alisema nini? Kwa Kiswahili."

"Hiyo ni hadithi ya kutunga."

"Najua ni ya kutunga. Nakuuliza wewe. Ungesema nini?"

Wakuu, nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Moja nimelisema maisha yangu yote, kwa majirani, kwa madereva, hata kwa paka. La pili, kwa mtoto niliyemzaa, sijawahi. Mama yangu naye hakuwahi kuniambia mimi. Nilijua lipi analisubiri. Nilijua kabisa.

Nikasema, "Pole, Goreti."

 Nikasikia mtoto wake nyuma anaongea Kiingereza.

"Pole ni ya mtu aliyejikwaa, mama. Mimi sikujikwaa. Ulinisukuma."

Halafu akasema polepole, "Yule bibi wa Kezia nimempenda. Nikadhani labda ni wewe."

Akakata.

Nimempigia mara nne tangu siku hiyo. Hapokei.

Kezia naye sasa kabadilika. Ananiamkia vizuri, chakula ananiwekea, ila haniulizi tena habari za zamani. Nadhani amemaliza kutunga.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wa kutunga anapendwa kwa sababu kuna mwenzake pembeni anayemmalizia sentensi. Ikifika pale pagumu, anamwekea neno mdomoni, ukurasa unaisha, makofi. Sisi wengine tumeachwa na midomo yetu wenyewe, na sentensi zinabaki nusu miaka sita.

Sasa nawauliza wazazi wa humu. Nani amewahi kumwambia samahani mtoto wa kumzaa mwenyewe? Ulianzaje? Lilikutoka vipi? Andikeni, nitasoma yote, za Kiingereza Kezia atanisomea.

Ila pole msiniandikie.