Mama Alipotaka Kuonja Bahari

Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu cha anasa mpaka alipozeeka. Mimi nilikuwa muuguzi Tukuyu, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Bulyaga, sijaolewa. Yeye alikuwa kijijini Suma, kwenye migomba yake na kishamba cha chai alichoachiwa na baba. Siku moja alikuja kunitembelea, akanywa chai yake yote, kisha akasema anataka kwenda kuiona bahari. Ziwa alikuwa ameliona mara nyingi. Alichotaka kujua ni kama kweli maji yanaweza kuwa na chumvi bila mtu kuitia.

"Nimesikia habari zake kanisani tangu nikiwa msichana," alisema. "Sasa nataka nionje mwenyewe."

Ningeweza kumpeleka Dar es Salaam, akaonja, tukarudi. Lakini ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba ilitandazwa hadi barabarani, na kila gazeti lililotufikia lilisifia hoteli mpya za Unguja. Nikajiambia kwamba nchi ni yetu, likizo ni yangu, nitampeleka mama yangu mahali pazuri kama wanavyopelekwa wengine.

Dereva mmoja wa pale hospitalini alikuwa amewahi kuishi visiwani. Nilipomweleza safari yangu alinitazama juu mpaka chini.

"Unakwenda na nani?"

"Na mama."

"Afadhali. Basi usiende na suruali. Vaa dera au jifunge khanga. Usiingie palipo na pombe. Kitambulisho cha kazi usikiache chumbani. Na jua likianza kuzama, uwe ndani."

"Kwani kuna wezi sana?"

"Wezi wako kila mahali," alisema. "Mimi nakuambia habari za wewe kudhaniwa."

Sikumwelewa, na sikupenda alivyoniambia.

Tulifika Unguja kwa boti mchana. Bandarini walitaka hati za kusafiria hata kwetu sisi wa bara, na tulikuwa nazo, zimepigwa mihuri yote. Mama alitapika njia nzima lakini alishuka akitabasamu, kitenge chake kimenyooka. Tukaingia mjini kwa miguu, katika vile vichochoro vya majumba marefu, tukitafuta nyumba ya wageni.

Ya kwanza, kijana wa mapokezi alisema vyumba vimejaa. Mama aliomba apumzike kidogo kwenye benchi, mguu ulikuwa unamuuma. Tukiwa tumekaa pale pale, waliingia vijana wawili wa Kizungu na mabegi ya mgongoni, wamevaa kaptura zilizochanika. Hawakuulizwa kitu. Walipewa funguo, wakapanda ngazi.

Nilisimama. "Kaka, si umesema vimejaa?"

"Vile ni vya wageni, dada."

"Na sisi ni nani?"

Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Mama akanivuta mkono, tukatoka.

Nyumba ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pale waliongea. Mwanamume wa makamo alishika kitambulisho changu, akakisoma mbele na nyuma, kisha akaniuliza mama huyu ni nani wangu.

"Ni mama yangu mzazi."

"Utathibitishaje?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza kwa upole kabisa, kana kwamba ananisaidia. Wanawake wa bara, alisema, wanakuja peke yao au na shangazi wa kuokota, wanapanga chumba, kisha wanaanza kuwafuata watalii. Nyumba inapata jina baya. Halafu akamgeukia mama. "Bibi, huyu binti unamjua?"

Mama hakuwa ameelewa vizuri lililokuwa likiendelea. Kiswahili chake ni cha Suma, na yule bwana aliongea haraka. "Namjua," alisema. "Nimemzaa mimi. Alitanguliza miguu, alitaka kuniua."

Mwanamke mmoja mzee, mwenye nyumba, alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Akatoka na miwani yake, akamtazama mama, akasema, "Wape chumba. Huyo mama anaumwa mguu, humwoni?" Akatuletea maji ya kunywa mwenyewe, akatuonyesha choo, akatuombea usingizi mwema. Sina neno baya juu ya bibi yule. Lakini usiku ule nilikaa macho nikiwaza kwamba nimesoma, nimefanya kazi miaka mingi, nimewaosha wagonjwa wa makabila yote, na bado bila mama kando yangu nisingepewa kitanda. Mama ndiye aliyekuwa cheti changu. Yeye alikuwa anakoroma.

Asubuhi nilimpeleka kwenye hoteli moja iliyokuwa ukingoni mwa maji, nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimeiona picha yake gazetini. Nilipanga tukae barazani, tuagize chai, kisha mama ateremke kwenye mchanga. Langoni alisimama mlinzi kijana, sare imepigwa pasi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mnamfuata nani?" aliuliza.

"Hatumfuati mtu. Tunakuja kunywa chai."

"Hapa ni kwa wageni waliolala hapa."

Wakati ule ule gari lilipita na wazee wa Kizungu wanne, akawafungulia bila kuwauliza walikolala. Nilipotaka kusema kitu, alikuja mwanamume mweusi kwa miguu, mrefu, kamera shingoni, kandambili miguuni. Mlinzi akamnyooshea mkono naye. "Wewe, unakwenda wapi?"

Yule mtu alifungua mdomo, kikatoka Kiingereza cha Marekani. Alikuwa na hasira, na nilijua hasira ile si ya asubuhi ile tu. Alitoa ufunguo wa chumba, akauinua hewani. Mlinzi akababaika, akamfungulia huku akiomba radhi kwa Kiingereza cha kuungaunga. Yule mtu alipiga hatua mbili, akageuka, akatutazama mimi na mama. Alimuuliza mlinzi kitu kuhusu sisi. Mlinzi akatikisa kichwa. Yule Mmarekani akaniambia kwamba anasikitika, kisha akaingia. Masikitiko yake yalikuwa ya kweli, lakini yeye alikuwa ndani.

Mama akaninong'oneza, "Na wewe si unacho Kiingereza? Kitoe."

Nikakitoa. Nilikitoa chote, kile cha shuleni na kile cha chuo cha uuguzi, nikauliza ni sheria gani inayonizuia, nikadai kumwona meneja. Mlinzi alinisikiliza kichwa kimeinama upande. Kisha uso wake ukafunguka.

"Dada," alisema kwa Kiswahili, "kwa lafudhi hiyo, wewe si wa Tukuyu kweli?"

Mama akajibu kwa ajili yangu, kwa Kinyakyusa, kwamba yeye ni wa Suma. Yule kijana alivua kofia. Alichutama pale pale kwenye changarawe, kwa sare yake ile ya pasi, akampigia mama makofi ya taratibu na kumwamkia kama mama yake. "Mugonile," alisema. Mama akaitikia, "Ndaga, mwanangu, ndaga." Kwao kulikuwa Matwebe, huko huko kwetu. Walianza kuulizana habari za mvua, za ndizi, za nani amekufa.

Nilisubiri. Nilidhani sasa lango litafunguka.

Alipoinuka alivaa kofia yake. "Mama, nisamehe. Nikiwaingiza, kesho sina kazi. Walinzi wawili wameshafukuzwa kwa jambo hilo hilo."

"Kwa kuwaingiza watu?" niliuliza.

"Kwa kuwaingiza watu wetu."

Alileta stuli yake, akaiweka kivulini nje ya ukuta, mama akakaa. Alimletea maji kwenye chupa yake. Mimi alinitafutia tofali, nikakataa kukaa. Mawimbi tuliyasikia upande wa pili, karibu kabisa, na tusione chochote ila ukuta mweupe na maua yaliyopandwa juu yake. Mama aliongea na yule kijana kwa furaha, na furaha yao ilinichoma kuliko lile lango. Nilitaka mama akasirike. Nilitaka angalau aone.

Mlinzi mwenzake alipofika kumpokea, yule kijana alituzungusha hadi pwani ya wavuvi, palipokuwa na magamba ya samaki na harufu kali na wanaume wakikwangua ngalawa. Mama alivua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akachota kiganja kimoja na kukitia mdomoni. Akatema, akacheka, akachota tena.

"Kweli," alisema. "Kweli kabisa!"

Yule kijana alicheka naye. Mimi nilisimama nyuma nimeshika viatu vya mama, sicheki.

Tulirudi nyumbani, na kwa majuma kadhaa mama alisimulia bahari kwa kila mtu, kanisani na kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Stuli ile nje ya ukuta hakuitaja, wala lile swali la "huyu binti unamjua." Niliposahihisha mbele ya watu, aliniangalia kana kwamba nimetapika mezani.

Kisha akasema lazima twende Matwebe kupeleka salamu za yule kijana. Tulimkuta mama yake yule kijana akichambua maharage, mwanamke mwembamba, mchangamfu. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba ana cheo hotelini. Alitukaribisha mezani kwa viazi, akatuuliza kama ni kweli, na mama akasema tumemkuta amevaa vizuri, ana heshima, anaheshimiwa.

"Nami ameniahidi," yule mwanamke alisema. "Nikipata nauli nitakwenda. Atanipokea pale pale hotelini, nilale kitanda cha Wazungu!" Akacheka kwa aibu, akatuongezea viazi.

Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, na njia imekuwa tope. Nilimuuliza kwa nini anamwacha mwenzake ajiandae kwenda kufedheheshwa na mtoto wake mwenyewe langoni.

"Unataka nimwambie nini? Kwamba mwanawe anafukuza watu?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Basi rudi umwambie wewe."

Alijitanda kitenge kichwani, akatangulia. Nilisimama pale njiani nikiitazama ile nyumba, moshi ukipita juu ya bati, kwa muda mrefu hata viatu vyangu vikaanza kuzama topeni. Kisha nikamfuata mama, nikiwa na hasira na kila mtu, na sikurudi.