Kamba ya Ng'ombe na Chasisi ya Ilembo

Kichwa cha lori nilikuwa nacho. Kilikaa juu ya mapipa uani kwa fundi wangu wa kuchomelea, mtaa wa Majengo, Mpanda, kikitazama barabara kama mtu aliyekatazwa kutoka. Kilikuwa cha lori la zamani lisilo na pua, lile ambalo dereva anakaa juu ya injini na miguu inamuungua hadi Sumbawanga. Lori la namna hiyo ndilo lililotuhamisha kutoka Usukuma, masufuria nyuma, mimi mdogo mbele juu ya joto. Niliacha shule darasa la sita, nikahamahama, na kila mji niliofika niliuliza habari za malori yale. Kichwa nikakipata. Mwili ndio uliokosekana.

Chasisi inayokifaa nilisikia iko moja tu, Ilembo, nyuma ya zizi la mama mmoja mfugaji. Nikaenda kuipima. Kazi yenyewe ni rahisi: unavuta kamba kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, unafunga fundo, kisha unapima pembe mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, chuma kimenyooka. Visipolingana, lori litatembea upande upande, litakula matairi, na siku likibeba mzigo mlimani dereva atakumbuka dua zote. Sikuwa na futi. Yule mama akanipa kamba ya zizini. Fundo likapita pembe kwa vidole vitatu.

"Imepinda, mama."

"Basi imepinda," akasema, akarudi kwa ndama wake. Kamba akaniachia.

Nikaanza kulala vibaya. Fundi alishaniambia mvua zikianza anataka uwanja wake, na kichwa kisicho na mwili wanunuzi wa chuma chakavu hawakiulizi jina, wanakikata. Mawingu yalipoanza kukusanyika nikaiendea chasisi nyingine, jirani na pale kwa fundi. Nilijua haifai. Ilikuwa ya lori lenye pua, mahali pa usukani wake pamekaa nyuma mno. Lakini mwenye hofu hupima chochote. Nikavuta kamba. Vidole vitatu tena.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani.

"Mdogo wangu, yaani chasisi zote za Mpanda zimepinda? Hebu rudia palepale."

Nikarudia pembe zilezile. Safari hii vidole vinne.

"Hiyo ni kamba ya ng'ombe," akasema. "Imesokotwa ivutike, mnyama akijirusha asivunjike shingo. Ukiivuta kwa nguvu inarefuka, ukichoka inarudi. Umepima mkono wako wewe, chuma hujakipima."

Akanikatia waya wa kufungia nondo, ambao hauvutiki. Nikapanda bodaboda mpaka Ilembo. Nyuma ya zizi hapakuwa na kitu. Palibaki mistari miwili ya majani ya njano, mirefu, pale chuma kilipokuwa kimelala.

Mama akanielekeza kwa kidevu. Chini, kwenye korongo, chasisi yangu ilikuwa daraja. Wanakijiji walikuwa wameilaza ng'ambo hadi ng'ambo, wakapanga mbao juu, na mkokoteni wa ng'ombe wawili ulikuwa unavuka na magunia ya mbolea.

"Si ulisema imepinda?" akaniuliza. "Sisi hatuiendeshi, tunaikanyaga tu."

Nikasubiri mkokoteni upite, nikashuka korongoni na waya wangu. Pembe kwa pembe, sawa. Nikarudia. Sawasawa kabisa. Sikufurahi; nikakunja waya, nikapanda kwa mama.

"Mama, naomba uniuzie."

"Leo? Na watoto wa shule wavuke wapi, mgongoni kwako?"

"Mvua zikiisha, basi."

"Zikiisha, tena uje na magogo ya kuweka badala yake. Usije na maneno, maneno yako nilishayasikia."

Fundi alipoelezwa alifoka, akaapa hakiweki kile kichwa hata siku moja zaidi, kisha akaenda kutafuta turubai la kukifunika.

Sijawahi kukaa mji mmoja masika nzima. Sasa nipo, kwa ajili ya vyuma viwili juu ya korongo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi niko Ilembo. Nahesabu kwa macho mizigo inayovuka, na kila mbao zikilia nasikia chuma kinapinda. Juzi nilimwomba mwenye mkokoteni wa mchanga apunguze nusu, avuke mara mbili.

"Kwani daraja hili la kwako?"

Akawachapa ng'ombe, akavuka na mchanga wote, na mbao zikalia kuliko siku zote.

Nikashuka na waya. Maji yalinifika magotini, mikono ilitetemeka kwa baridi. Kipimo kimoja kilizidi kingine kwa upana wa ukucha. Nilirudia, vikalingana. Nilirudia tena, ukucha ukarudi.

Maji yakipungua nitashuka tena. Huenda ni mikono tu.