Vuai Alivyosamehe Deni la Dada Yake

Jirani yangu Mwatum, hapa Vitongoji, ni mjane aliyekuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Karibu na Idi ya kuchinja akaja Nyange, muuza nyama wa Chake, akamwahidi bei ya kununulia mitamba wawili, pesa baada ya sikukuu. Nilimkataza. Tamaa ikamshinda, ng'ombe akaenda.

Idi ikapita, ikaja nyingine, na Nyange bado anasema kesho. Mwatum, ambaye hata geti la ofisi hulipita mbio, akafunga safari ya mahakamani. Nami nilikuwapo siku hakimu alipompa haki. Watu wakatoka, yeye akabaki amekaa kwenye benchi.

"Bi Mwatum, tumeshamaliza," karani akamwambia.

"Nangoja pesa zangu."

Karani akamweleza kwa upole kwamba mahakama haina pesa zake. Anazo Nyange, na asipolipa, Mwatum arudi aombe hukumu itekelezwe. Mwatum alinishika mkono akauliza, "Kumbe kushinda kwenyewe ndo huku?"

Akaomba, akazungushwa, akaomba tena. Mwisho akaambiwa watu wa mahakama watakwenda Jumatatu kukamata friza na mizani ya Nyange. Jumapili Nyange akaanguka dukani, akafa.

Tulikwenda mazikoni, tufanyeje? Na mwaka ule ulikuwa wa maridhiano. Kabla ya hapo vyama vilitugawa vibaya Pemba nzima, mtu hamziki jirani yake kwa sababu ya bendera. Vuai, mdogo wake Mwatum, alikuwa chama hiki na Nyange chama kile, na kwa miaka hawakupeana hata salamu. Siku hiyo Vuai alisimama safu ya mbele, machozi yakimtoka.

Kabla ya kusaliwa jeneza, shehe akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu awaone warithi, na awezaye kusamehe asamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani na Bi Maha, mke wa marehemu. Sauti ya Vuai ikapenya dirishani:

"Dada yangu akimdai bei ya ng'ombe! Leo siye sote kitu kimoja. Tumemsamehe, duniani na akhera!"

Wanaume wakapiga takbiri.

Mwatum alikuwa ameshika kikombe cha maji ya mfiwa. Yalimwagika yote. "Kasema nani?" akaniuliza. Bi Maha akamkumbatia miguu, analia, anamshukuru kwa niaba ya mayatima wake. Pale ungesema nini? Mwatum alisema, "Haya." Basi.

Njiani mie ndiye niliyefoka. Vuai huyo, ambaye ukimwomba nazi moja hukutajia bei ya sokoni, leo amekuwa mkarimu kwa mali ya mjane! Uso wa Mwatum ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi.

Kesho yake tukamwendea shehe. Akatwambia wazi kwamba msamaha ni wa mwenye haki, na Vuai hakuwa na haki hiyo. Mwatum bado anaweza kudai kabla mirathi haijagawiwa.

"Nikamwambie Bi Maha, naye yumo edani, kwamba nimegeuka?" Mwatum akauliza. Akatikisa kichwa. "Siwezi, shehe."

Siku ya hitma wanaume walikuwa wamemaliza kula, wamekaa mikekani uani. Mwatum akasimama mlangoni na buibui lake.

"Vuai, alosamehe n'weye au n'mie?"

Macho yote yakamgeukia Vuai. Akatanua kifua. "N'mie, dada. Kwa ajili ya Mungu."

"Hurudi nyuma?"

"Mwanamme harudi nyuma!"

"Shehe, umesikia," Mwatum akasema, akaaga.

Nilidhani yameisha. Lakini alipita nyumba yake bila kuitazama, akaingia uani kwa Vuai, akaanza kufungua kamba ya ng'ombe wa Vuai. Nilimwambia tutaitwa wezi mchana kweupe, akaendelea na fundo lake.

Sijui nani alimpasha habari, Vuai akaja mbio, kanzu kaishika mkononi, na nusu ya watu wa hitma nyuma yake.

"Dada! Wafanya n'ni?"

"Nachukua deni langu. Weye ulolisamehe, weye ulilipe."

Vuai akatazama nyuma yake. Shehe yuko pale, na wale waliompigia takbiri wako pale, wanangoja kusikia kama atarudi nyuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Lakini huyo ana mimba, dada!" akasema.

"Ndipo zitapozidi thawabu zako," Mwatum akamjibu, akavuta kamba.