Nilifuata mpira wa roketi Kakuma, nikakuta una walinzi wawili

Wakuu, ejok, ndiyo salamu ya huku Turkana. Hii sikusimuliwa, imenipata mwenyewe. Asiyeamini apande gari aende Kakuma akaulize.

Nina duka la simu hapa Lodwar. Kwetu ni Kisii, lakini jua la huku limeshanizoea.

Customer mmoja akanionyesha picha ya mpira wa chuma, mkubwa kama sufuria ya harusi, umeungua upande mmoja. Umeanguka kutoka angani, akasema.

Nikaituma kwa mzungu mmoja wa mtandaoni anayekusanya vitu vya anga. Alijibu haraka kuliko mke wangu. Anautaka.

Nikakodi pickup na dereva anayepajua, tukaenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Mpira niliukuta nje ya ua wa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Congo, mjane anayepika mandazi. Kando yake mzee Ekal, mfugaji wa Kiturkana, ameketi kwenye kigoda chake.

Wakanieleza ulivyoanguka. Mama alisema ni wake, umeanguka mlangoni kwake. Mzee akasema ardhi ni ya Waturkana, pamoja na chochote kinachoiangukia. Wakapelekana kwa chifu.

Chifu akasema wasiuguse, wataalamu wanakuja. Na kwa vile hakuna aliyemwamini mwenzake, wakaulinda wote wawili.

Wataalamu walifika kweli. Wakasema ni tanki la roketi, halina madhara. Wakapiga nalo selfie, wakaahidi kurudi na lori.

Mnaijua serikali yetu.

Basi wawili hao wakaendelea kulinda. Mzee akaanza kuja na maziwa ya mbuzi. Mama akawa anamwekea chai. Mama alipolazwa na malaria, mzee ndiye alibaki anauza mandazi. Huyu ni mzee aliyekuwa anawaita wakimbizi wezi wa kuni.

Mimi nikataja bei, nikawaambia wagawane nusu kwa nusu. Mama akaendelea kugeuza mandazi. Nikadhani wananivizia, nikapandisha.

Mzee akanijibu polepole: "Wewe nabeba hii chuma, sasa mimi takuja hapa kulinda nini?"

Mama akasema bila kuniangalia, "Baba, muachie mzee kazi yake."

Dereva ndiye alinifafanulia tukirudi. Waturkana wenzake wakimuuliza mzee anatafuta nini kwa wakimbizi, anasema yuko kazini. Kambini wakimuuliza mama, anasema huyo ni mlinzi. Bila ule mpira, urafiki wao hauna jina la kujitetea.

Pickup ilirudi Lodwar tupu. Niliambulia mandazi, na hayo nilinunua.

Mzungu bado ananisumbua. Nimemwambia security ya pale ni kali sana.

Nilichojifunza: kuna kitu hakina faida yoyote, ila ukikiondoa watu wanapoteana.

Haya, nyie mngeongeza bei ama mngeondoka? Wa kunicheka pia waje, nimeshazoea.