Mkwe Hasemi

Mkutano wa Jumatatu ulimchukiza Drusilla Nyangate tangu siku ya kwanza. Katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, mteremko mmoja chini ya soko la Marani, watu walikuwa wamezoea meneja mzungu aliyefoka tu kisha akaenda zake. Alipoondoka mwaka 1967, chama kikamleta Ratemo, kijana wa huko huko aliyesomea Uganda na kurudi na tai na maneno mengi.

"Wakati umebadilika," Ratemo aliwaambia. "Kila Jumatatu tutaketi kwenye mabenchi haya, kila mtu aseme kosa aliloliona, mbele ya mwenye kosa. Hapa hakuna baba wala mkwe. Kuna wafanyakazi."

Mgusii mzima, anasema hakuna mkwe! Sijui huko Uganda walimwosha kichwa kwa sabuni gani. Kwetu kuna chinsoni, heshima inayomkataza mwanamke kumkazia macho baba wa mumewe, sembuse kumtangazia kosa hadharani. Na baba mkwe wa Drusilla, mzee Momanyi, ndiye aliyekuwa mtu wa tangi la kuchachushia kahawa, hatua kumi kutoka meza aliyochambulia Drusilla. Miaka minne walifanya kazi wakipeana migongo, na kazi ilikwenda.

Mabenchi yakawa uwanja wa vita. Aliyegombania mpaka wa shamba na jirani yake alimshtaki kwa kuchelewa kazini. Aliyeshtakiwa akangoja Jumatatu yake. Watu waliacha kusalimiana langoni. Ratemo aliandika kila neno, akauita ugomvi ule uwazi.

Ijumaa moja Momanyi, Msabato wa kweli, alikimbilia nyumbani jua lisije likamchwea njiani akavunja Sabato, akasahau kufungulia tangi maji ya kuoshea kahawa. Drusilla alimwona akipita mbio bila kuugusa mfereji, akadhani amemwachia mwenzake. Kufikia Jumapili kahawa ilikuwa inanuka mzoga.

"Mama Mokeira," Ratemo alimwambia Drusilla Jumatatu, "wewe ndiye uliyefunga ghala Ijumaa. Nani aliacha tangi?"

Drusilla alikuwa mjane, na kazi ile ndiyo iliyomweka Mokeira wake shuleni. Akangoja mzee asimame mwenyewe. Mzee akatazama vidole vya miguu yake. Hapo Drusilla akashikwa na hasira. Chinsoni ilimfunga yeye mdomo. Mzee alifungwa na nini?

"Usiposema, kosa ni lako, na kazi huna."

Drusilla akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi.

"Sawa, Bwana Meneja. Ulisema hapa hakuna mkwe, kuna wafanyakazi. Sasa mimi si mfanyakazi. Nimebaki mkwe. Na mkwe hasemi."

Hakutaja mtu, wala hakugeuka. Lakini vichwa viligeuka kwa Momanyi, kimoja baada ya kingine, mpaka kile cha Ratemo, na aliyeketi karibu na mzee akasogea pembeni.

Kesho yake Ratemo alipanda mlima hadi kwa Drusilla bila tai, akasimama uani akamwomba arudi. Alirudi, lakini kwa sharti: mabenchi yapasuliwe kuni. Yakapasuliwa. Tangu hapo Ratemo alimfuata kila mtu penye kazi yake, akaanza kwa kutaja alipokosea yeye, ndipo akauliza. Salamu zilirudi langoni polepole, kwa shingo upande. Momanyi alihamishiwa kwenye vitanda vya kuanikia kahawa.

Nyumbani Drusilla aliendelea kupika kama mke wa mwana anavyopaswa: ugali wa wimbi na mboga chungu za chinsaga, na Esnah, mama mkwe wake, akampelekea mzee. Kila jioni Esnah aliirudisha sahani haijaguswa.

"Anasema ameshiba," alisema, macho pembeni.

Miaka sita mzee alishiba hivyo, mpaka akafa.